Maji ya Betri, kwa Severo

Severo,
ufunguo wa banda uko chini ya jiwe la kusagia chumvi.
Naenda Oruro wakanipasue goti,
na betri kumi na mbili za shule ni zako mpaka Agosti.

Jambo moja ulishike: maji si maji.
Marehemu Nicanor alisema maji ni maji,
akachota kisimani kwa kopo la maziwa,
akazinywesha zote kama anavyonywesha lama wake.
Zikakubali. Wiki ya kwanza, ya pili, taa ziliwaka,
akanicheka mbele ya wageni.
Mwezi wa tatu friji ya chanjo ilinyamaza usiku.
Asubuhi nesi Eulogia alishuka kwenye pikipiki,
akafungua mlango wa friji, akaufunga,
hakusema neno.
Risasi haisahau ilichonyweshwa.

Kisima chetu, mwanangu, kinanyonya chumvi ileile
unayoiona imelala nyeupe mpaka mwisho wa macho.
Utaambiwa: chemsha.
Kuchemsha kunaua vijidudu, na betri haiharishi.
Chumvi itabaki sufuriani, tena kali kuliko mwanzo.
Ya chemchemi ya juu usiyaguse,
tazama mawe yake yalivyo mekundu; hicho ni chuma.
Chupa za don Abundio, zile zenye picha ya mlima,
zisome kwa chini, herufi ndogo:
kalisiamu, magnesiamu, afya ya mifupa.
Betri haina mifupa.

Mvua ingefaa.
Si ya batini, bati limekwisha kwa kutu
na njiwa wamelifanya choo,
ila ile ya Januari, iliyoangukia nailoni safi
baada ya vumbi kuoshwa kwanza.
Lakini hii ni Juni,
na Juni huku haitoi kitu ila baridi.

Lori la Uyuni huleta madumu ya maji yaliyokenekwa,
Alhamisi, likitaka.
Lisipotaka, keneka mwenyewe.
Sufuria ya enameli, ndani yake jiwe, juu ya jiwe bakuli la kioo.
Maji ya kisima yasifike ukingo wa bakuli.
Mfuniko uugeuze, kirungu chini,
na juu yake barafu, hiyo tunayo bure.
Moto mdogo. Usiwe na haraka.
Mvuke hupanda peke yake, chumvi haina mabawa,
ukigusa baridi unajuta, unarudi tone,
tone,
tone.
Tangu magharibi hadi nilale hupata kikombe kimoja na nusu.
Don Abundio atakuazima mrija wake wa shaba, ule wa pombe.
Mshukuru, uukatae.

Na usipime kwa kuonja.
Ulimi wetu umezaliwa chumvini, hauna ushahidi.

Zinyweshe asubuhi, jua likianza kuchaji, kamwe si jioni:
maji mapya hukaa juu ya asidi, na usiku wa hapa
utayagandisha kabla hayajajuana nayo.
Funika sahani tu, acha nafasi, yatapanda.
Asidi usiongeze. Inayopungua ni maji, asidi haijaenda popote.
Vaa miwani ya Nicanor. Magadi yako kwenye mkebe wa kahawa,
ukimwagikiwa.

Usiku ule wa friji alikaa bandani mpaka kukacha,
ameinama juu ya seli zilizofunguliwa.
Nilimwambia, njoo ndani,
hata machozi yana chumvi.
Nilidhani ni utani.
Tangu hapo aliandika kila tone katika daftari la bluu,
tarehe, seli, kiasi, mpaka ukurasa ambao mwandiko unabadilika
ukawa wangu.
Endelea hapo.

Kifuniko cha seli ya sita kimepasuka, kifunge kwa uzi.
Na lama mweupe ameshajua kufungua komeo.